Tunamwacha Zakayo juu ya mkuyu

Ukitaka kujua sisi Wakristo wa Masasi, huku kusini mkoani Mtwara, tunamfuata Yesu kwa kiasi gani, usituangalie Ijumaa Kuu. Siku hiyo kila mtu ni mwema. Tuangalie mwezi wa saba, mikorosho ikiwa kwenye maua, ndani hamna kitu, na mtoto amechaguliwa kidato cha tano.

Waliosomesha wanaijua ile fomu ya kujiunga. Godoro, tranka, shuka, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, michango, na nauli ya kwenda mkoa ambao mzazi mwenyewe hajawahi kufika. Shule zinafunguliwa Julai. Mnada wa korosho unaanza Oktoba. Katikati hapo ndipo kangomba anapofanyia kazi.

Kwa wasio wa kusini: kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa mkulima kienyeji, nje ya chama cha msingi cha ushirika, kwa bei ya kutupa, na mara nyingi kabla hata bibo, tunda la mkorosho, halijaanguka. Mnunuzi, naye tunamwita kangomba, anakuja na pesa taslimu na daftari la kaunta. Anaandika jina, anaandika magunia, mwenye shamba anasaini au anaweka dole gumba. Msimu ukifika, korosho zinaingia ghalani kwa jina la mtu mwingine, na bei ya mnada ikitangazwa mwenye shamba anaisikia kama habari za kijiji cha jirani. Serikali inakemea jambo hili mwaka hadi mwaka. Mwaka 2018, ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa kabla ya malipo ili kuwabana hao hao. Kangomba bado yupo. Yupo hata kanisani, na wengine wanakaa viti vya mbele.

Hapo ndipo ninapomtaka Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko.

Kwetu Wakatoliki, habari ya Zakayo (Luka 19:1-10) ni Injili ya Jumapili ya 31 ya Mwaka C wa mzunguko wa masomo ya Misa, kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2022 ilisomwa tarehe 30 Oktoba, minada ikiwa imepamba moto. Mwaka 2025 Jumapili hiyo iliangukia tarehe 2 Novemba, Kumbukumbu ya Marehemu Wote, kwa hiyo Zakayo akapita pembeni. Atarudi Novemba 2028. Ukiitazama kalenda yetu ya korosho utasema aliyepanga masomo alizaliwa Tandahimba, kwenye mikorosho.

Lakini sikiliza mahubiri ya Jumapili hiyo. Nimeyasikia mengi na karibu yote yanaishia mtini: Zakayo alikuwa mfupi, akakimbia, akapanda mkuyu, nasi tupande mikuyu yetu tumwone Bwana. Watoto wanaimba, watu wazima wanacheka kidogo kwa sababu ya ule ufupi, tunakwenda kwenye maombi na sadaka. Aya ya nane tunaipita kama tunavyopita mtu tunayemdai.

Aya ya nane ndiyo yenye uzito. Zakayo anasimama mbele ya watu na kusema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia mara nne. Hiyo mara nne ina historia. Katika Torati, aliyemdhulumu mwenzake akakiri mwenyewe alitakiwa kurudisha kilekile na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni adhabu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo hakushikwa wala hakushtakiwa, lakini alijipimia kipimo cha mwizi.

Na kumbuka alikuwa na kibali. Chini ya Warumi, kazi ya kutoza ushuru wa bidhaa ilikodishwa: mwenye kuipata analipa kwanza, kisha anajirudishia kwa wananchi, na cha juu. Karatasi zake zilikuwa safi. Nalisema hili kwa sababu ukimgusa kangomba wa kwetu atakujibu upesi, "Tulikubaliana, daftari hili hapa, amesaini mwenyewe." Ni kweli amesaini. Mama mmoja jirani yangu alisaini hivyo, magunia kadhaa, mtoto wake akiwa ameshachelewa kuripoti shuleni. Nilimuuliza kwa nini asingoje. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma asiyejua mambo. "Baba, shule haingoji korosho." Makubaliano ya mtu ambaye mtoto wake amekaa juu ya tranka barazani siyahesabu kuwa makubaliano, dole gumba lisome lisisome.

Sasa tumtazame Yesu mwenyewe, maana ndiye tunayedai kumfuata. Katika simulizi hii hakuna mahali anapomkaripia Zakayo. Anamwita kwa jina, anamwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Watu wakanung'unika, na mimi ningenung'unika nao, kwa sababu waliokuwa wamelipishwa zaidi ni wao. Kutokana na hapo wengi wetu tumejichukulia fundisho jepesi: Yesu alikula na wenye dhambi, basi na sisi tule. Na tunakula kweli. Kangomba akichinja, pilau tunaifuata. Harambee ya bati ikiitishwa, yeye ndiye mgeni rasmi, tunampigia vigelegele, picha zinapigwa. Tofauti ni kwamba kwenye karamu ile ya Yeriko mwenye nyumba alisimama akataja madeni yake kwa watu. Kwetu anasimama akataja ahadi yake kwa kanisa. Bati zinaezekwa, na waliotajwa kwenye daftari wanakaa chini yake wakiimba.

Sisemi kanisa likatae pesa yake. Mimi simwamini sana mtu anayejua kwa hakika pesa ipi ni safi na ipi chafu. Zote zimepita mikono mingi. Ila mchungaji anayekwenda kula kwa mtu ana haki ya kuuliza, baada ya kunawa, "Na wale wa mwezi wa saba?" Kama uhusiano hauruhusu swali hilo, basi ni urafiki wa pilau tu.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, nao unatuhusu sisi tusio na daftari. Kangomba, kwa ubaya wake wote, Julai alikuwepo. Alifika hadi barazani. Sisi wa jumuiya, vile vikundi vya waumini majirani, tulifika Novemba, na bahasha za shukrani ya mavuno. Yesu huyo huyo alifundisha kukopesha bila kutumaini kupata kitu (Luka 6:35), na sijaona fundisho tunalolizunguka kwa ustadi kama hilo.

Mji huu ungepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Ukristo wa Masasi ulianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipopanda kutoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Waumini wa kwanza hapa walikuwa watu waliowahi kupangiwa bei na wengine. Sisi Wakatoliki tulikuja baadaye, lakini ardhi ni ileile.

Ninachotaka ni kidogo. Kila jumuiya itenge sehemu ya shukrani ya Novemba, isiende kwenye ujenzi, ikae benki mpaka Julai, ikopeshwe bila riba kwa mwenye mtoto wa kuripoti au mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Ndanda, ilipwe mnada ukishalipa. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vinafanya kazi inayofanana na hiyo, ila vina riba na hisa, na asiye na hisa ndiye anayekwenda kwa kangomba. Mikopo iwe wazi hata kwa jirani Mwislamu, maana daftari la kangomba haliulizi dini. Wapo watakaokopa wasilipe. Najua majina yao, na mweka hazina anayajua vizuri zaidi. Tutapoteza kiasi, na hatutakuwa tumepoteza zaidi ya tulichotumia kwenye uzio uliojengwa mara mbili.

Halmashauri ya Walei, baraza la waumini wasio mapadre, inakutana kabla ya Kwaresima. Nimeomba hoja hii iingie kwenye ajenda, nikaambiwa itatajwa kwenye mengineyo.