Wiki ndefu za kazi Tanga: nidhamu ya mfanyakazi au mpango wa zamu?

Meli ikishafunga gati katika Bandari ya Tanga, kazi haisubiri. Kila siku shehena inapobaki melini kuna gharama kwa mwenye meli na mwenye mzigo, na shinikizo la gharama hiyo huwashukia wakala wa forodha, dereva wa lori na kibarua anayepakia mifuko. Kwa hiyo anayetaka wiki ndefu za kazi ziondolewe kabisa katika mji huu anadai jambo ambalo shughuli za bandari haziliruhusu. Linalofaa kujadiliwa ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba wiki hizo haziwamalizi watu: mfanyakazi mwenyewe, au yule anayepanga zamu.

Wanaomwelekezea mfanyakazi wajibu huo hawakosi hoja. Mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, kisha akakesha na simu hadi saa saba, anajipunguzia mwenyewe nguvu za kesho. Kulala kwa wakati, kula vizuri na kuzitanguliza kazi nzito asubuhi, akili ikiwa bado safi, ni mambo yanayosaidia kweli. Hata hivyo, ushauri huo humfaa mwenye mamlaka juu ya saa zake. Karani wa ofisi kule Chumbageni anaweza kuamua aanze na faili lipi. Mpakiaji wa mizigo hupangiwa kila kitu.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, liliueleza uchovu wa kupindukia wa kazi (kwa Kiingereza “burnout”) kuwa si ugonjwa, bali hali itokanayo na mkazo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kupungua kwa ufanisi. Maelezo hayo yanakiweka chanzo chake kazini, nami nakubaliana nayo.

Hoja nzito zaidi ya kutetea wiki ndefu ni ya kipato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zinazolipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa familia nyingi za Ngamiani na Makorora, fedha hizo ndizo kodi ya chumba na mahitaji ya watoto shuleni. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze saa bila kumwonyesha pengo hilo litazibwa na nini ni kumkosea heshima.

Lakini tupige hesabu. Saa 50 zikigawanywa kwa wiki nne ni 12 na nusu. Zikijumlishwa na 45 tunapata saa 57 na nusu kwa wiki. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yanaonyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kulinganishwa na saa 35 hadi 40, kunahusiana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Mwajiri anaweza basi kuitii sheria neno kwa neno na bado akawaweka watu wake hatarini, iwapo kikomo cha juu atakifanya kuwa ratiba ya kila mwezi.

Tena faida yenyewe haina uhakika. Mwanauchumi John Pencavel alichambua takwimu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akakuta kwamba baada ya takriban saa 50 kwa wiki kila saa iliyoongezwa ilizaa kidogo zaidi, na saa 70 zilitoa karibu kiasi kilekile cha saa 56. Si kila kazi iko hivyo: kwa mlinzi, kuwapo lindoni ndiko kazi yenyewe. Kwa mwendesha winchi, kinyume chake, kosa moja la uchovu linaweza kugharimu uhai.

Wengine hupendekeza tuache kuhesabu saa na tupime kazi iliyofanyika, kama mkataji wa mkonge anayemaliza kiasi alichopimiwa na kurudi nyumbani. Napenda uhuru uliomo humo, lakini kipimo kikiwekwa kikubwa mno, mtu atafanya kazi hadi jioni bila hata saa za ziada kuhesabiwa.

Sheria hiyohiyo inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Mwajiri mdogo atalalamika kwamba zamu za namna hiyo zinahitaji watu zaidi, na ni kweli. Pengo kubwa zaidi liko kwa kibarua anayemaliza mchana kwa mwajiri mmoja na kuingia usiku kwa mwingine, kwa kuwa hakuna anayezijumlisha saa zake. Kumzuia kungempokonya riziki. Mimi ningeanza na siku ya mapumziko yenye malipo kwa kila kibarua aliyefanya kazi siku sita mfululizo, gharama yake wakachangia waajiri waliomtumia wiki hiyo.