Kabla ya janti na bomba la moshi, peleka Vitz yako mbele ya ukuta

Mdogo wangu alipotimiza miaka 18, kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa picha ya Toyota Vitz nyeusi kwenye simu. Miaka miwili amekaa chini ya mwavuli wa kabine huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, akiuza uniti na kutumia watu pesa, jua kali, mvua juu yake, mpaka akafikisha dola 2,900. Alikuwa ameshapanga kila kitu kwenye daftari: gari 2,400, na zile 500 zinazobaki ni za janti (rimu) kubwa, vioo vyeusi, bomba la moshi la kunguruma, na kukata springi ili gari lilale chini. Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Tairi hazikuwemo. Breki hazikuwemo.

Sisemi kijana asitamani gari zuri. Aliyekaa miaka miwili kwenye vumbi la Katuba ana haki ya kutaka watu wageuze shingo akipita. Ila magari yanayoangukia mfuko wake yametengenezwa kwa ajili ya barabara isiyo yetu. Vitz ile ilizaliwa Japani, ambako wanaendesha kushoto. Ikashuka melini Dar es Salaam, kushoto. Ikapita Zambia, kushoto vilevile. Ilipovuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ndipo ikaingia barabara ya upande wa kulia, na usukani wake ukabaki palepale, kulia. Mwaka 2014 serikali ilikataza kuingiza magari ya namna hiyo, lakini simama dakika tano kwenye barabara yoyote ya Lubumbashi uhesabu mwenyewe.

Jumapili moja tulitoka nayo njia ya Likasi. Yeye kwenye usukani, mimi kushoto kwake, karibu na mstari wa kati. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda polepole, turubai limekazwa kwa kamba. Mahali alipokaa aliona sehemu ya nyuma ya lori na majani ya pembeni, basi.

"Yaya," akaniuliza, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "iko wazi?"

Nikaegemea mlango mpaka shavu likagusa kioo. "Bado." Tukaendelea kidogo. "Bado." Kisha nikaona lami tupu, nikasema, "Sasa." Akatoka. Gari likachomoza kutoka kwenye bonde ambalo sikuliona kabisa, linakuja mbio, taa zinawaka. Akakanyaga breki, akarudi nyuma ya lori. Breki zilishika. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, na mkono wangu ulikuwa bado umeng'ang'ania mkanda.

Kosa lile lilikuwa langu, kwa sababu macho yalikuwa yangu. Lakini siku akiwa peke yake, macho yatakuwa ya nani? Tangu siku ile namfundisha kukaa mbali na lori, kwa sababu ukilifuata karibu linakuwa ukuta, ukirudi nyuma barabara inafunguka. Pia asubiri kona inayopinda kulia. Pale dereva wa usukani wa kulia anaweza kuchungulia ubavuni mwa lori na kuona mbele. Na kama haoni, asipite, hata foleni ya nyuma ipige honi mpaka jioni.

Kuna mafundi wanaohamisha usukani kuja kushoto. Nilichungulia chini ya dashibodi ya gari moja lililofanyiwa kazi hiyo: kanyagio la breki liko kushoto, lakini linasukuma fimbo iliyochomelewa inayokwenda mpaka upande wa zamani. Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba hatapanda gari hilo, wala mimi. Kazi nzuri ya kuhamisha usukani ni ghali kuliko akiba yake, na ya bei rahisi inaweka maisha ya mtu kwenye mshono mmoja wa kuchomea.

Lakini jambo ninalotaka vijana wote wa mji huu walisikie ni la taa, kwa sababu halizungumzwi. Siku za kwanza mdogo wangu alikuwa analalamika kwamba usiku kila dereva anamwashia taa za juu, na yeye ametumia taa fupi. Alidhani wanamdharau kwa sababu ni kijana. Nikamwambia asimamishe gari mbele ya ukuta wa jirani, kama mita tano hivi, awashe taa fupi. Mwanga ulichora mstari ukutani. Kulia ulikuwa umelala chini, na kushoto ukapanda kama kilima.

Gari la Japani hurusha mwanga juu upande wa kushoto ili dereva aone ukingo wa barabara na mtu anayetembea pale. Kwetu, kushoto ndiko wanakotokea wenzako. Kwa hiyo kila usiku alikuwa anawapiga madereva machoni, huku mama anayetembea na beseni kichwani upande wa kulia akibaki gizani. Halafu vijana wanaongeza balbu nyeupe za LED kwenye taa ya kawaida! Kioo cha ndani kilipimwa kwa uzi mdogo wa balbu ya zamani, uwe mahali pake hasa. Ukiweka balbu nyingine, mwanga unatawanyika ovyo. Wewe unaona kweupe mbele ya bampa, na mwenzako haoni kitu.

Dawa ipo. Vitz ya kwanza, iliyotoka mwaka 1999, Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris, na Yaris ya Ufaransa au Ubelgiji ina taa za barabara ya kulia. Tulizunguka kwa wauza vipuri vya okazio, yaani vilivyokwisha kutumika, Jumamosi mbili, tumebeba taa ya zamani mkononi ili tulinganishe umbo na mashimo ya skrubu. Tukapata jozi kwa dola 80.

Pesa nyingine ilikwenda kwenye tairi nne na pedi za breki. Tairi za okazio zinadanganya: meno marefu, mpira umekauka. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. 3117 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2017. Pinda mpira kwa kidole gumba, ukiona nyufa rudisha. Janti kubwa na tairi nyembamba aliziacha mwenyewe baada ya kuona ya rafiki yake imechanika kwenye ukingo wa shimo. Na springi hakuzikata. Kuanzia mwezi wa 11 mashimo ya Katuba yanajaa maji, hujui kama ni kina cha kiganja au cha goti, na gari lililokatwa springi linapigwa kila shimo moja kwa moja kwenye bodi.

Zilibaki dola 45. Amenunua vitambaa vya viti, vyekundu, vimempendeza sana. Juzi usiku tulitoka Ruashi mpaka nyumbani, yeye kwenye usukani, mimi nikihesabu magari yanayokuja mbele yetu. Nilifika 60 nikaacha. Hakuna hata dereva mmoja aliyetuwashia taa za juu.