Kupika nyama iive hakutoshi

Mwandishi wa makala kuhusu bakteria sugu kwenye nyama, yaani wale wasiouawa tena na dawa za antibiotiki, amemaliza kwa kutuambia tupike nyama iive, basi. Kweli moto unaua bakteria, hata wale sugu. Lakini kabla nyama haijafika jikoni usugu umeshasambaa: kwenye mikono ya mchinjaji, kwenye kisu na ubao uleule wa kukatia mboga za kuliwa mbichi, na kwenye majitaka ya machinjio yanayokutana na ya hospitali. Humo bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wale wa jamii tofauti. Hili ndilo linalonitisha.

Chukua kolistini, antibiotiki ya akiba kwa wagonjwa mahututi dawa nyingine zinaposhindwa. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kinasaba cha mcr-1 kinachoishinda dawa hiyo. Walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Na nguruwe walikuwa wakilishwa kolistini ili wakue haraka tu! China ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017, na kinasaba hicho kikapungua. Kumbe inawezekana. Basi serikali ambazo bado hazijapiga marufuku zinasubiri nini? Na machinjio yalazimishwe kusafisha majitaka kabla ya kuyaachia mtoni.