Usijifungie Hadi Machi: Lewes na Majira Yake ya Baridi

Kuna imani imeota mizizi miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili huku Uingereza: saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, maisha yamefungwa mpaka majani yachipue tena. Kinachobaki ni shifti, basi, blanketi na simu ya video kwenda nyumbani. Mwenye gari Jumamosi atakwenda London kula pilau ya sherehe ya mtu, arudi usiku wa manane, na Jumatatu aanze kulalamika kwamba Waingereza hawana ujirani.

Mimi naishi Lewes, makao makuu ya East Sussex, mji wa watu elfu 17 hivi, karibu kabisa na Brighton kwa treni. Na naona mambo ni kinyume. Mji wa Kiingereza unaujua kati ya Novemba na Machi. Kiangazi wenyeji wako Hispania, au wamejikalia bustanini nyuma ya uzio, na mitaa imejaa watalii wanaopiga picha ngome ya Wanormani. Baridi ikiingia watalii wanaondoka, mji unabaki na wenyewe, na hapo ndipo wanapoanza kufanya mambo yao.

Jambo kubwa kuliko yote ni tarehe 5 Novemba. Uingereza nzima hurusha fataki usiku huo kukumbuka njama ya mwaka 1605, Guy Fawkes na wenzake Wakatoliki walipotaka kulilipua Bunge na Mfalme James akiwemo ndani. Miji mingi siku hizi imeifanya shughuli ya kiwanjani: unakata tiketi, unasimama nyuma ya kamba, unanunua soseji, unarudi kulala. Lewes hawana habari na kamba. Vyama sita vya mioto, Cliffe, Commercial Square, Southover, South Street, Waterloo na Lewes Borough, hutoka kila kimoja na maandamano yake, watu wamevaa fulana za mistari kama walanguzi wa zamani wa magendo ya baharini, kila chama na rangi zake, mienge mikononi, ngoma mbele, mapipa yanayowaka moto yakivutwa barabarani. Baadaye kila chama kinakwenda kiwanja chake pembezoni mwa mji na kuwasha moto wake.

Mtu wa pwani aliyesikia wazee wakisimulia beni, vile vikundi vya ngoma vilivyoshindana, akina Marini na Arinoti, na sare zao, vyeo vyao, tarumbeta zao na ubishi wao wa nani kawazidi wenzake, ataelewa Lewes kwa haraka kuliko mgeni kutoka Manchester. Ni ushindani ule ule wa mtaa na mtaa. Unazaliwa upande fulani wa mto Ouse, basi chama chako kishajulikana.

Lakini si mchezo mtupu. Kati ya mwaka 1555 na 1557, wakati wa Malkia Mary wa Kwanza aliyekuwa Mkatoliki, Waprotestanti 17 walichomwa moto wakiwa hai hapa Lewes, mbele ya nyumba ya wageni pale ambapo leo ni ukumbi wa mji. Ndiyo maana usiku huo utaona misalaba 17 inayowaka ikibebwa barabarani. Juu ya kilima cha Cliffe kuna mnara wa kuwakumbuka, uliojengwa mwaka 1901, na unaonekana kutoka karibu kila kona ya mji. Halafu wanasimama kwenye mnara wa mashujaa wa vita, kila chama kwa zamu yake, wanaweka mashada ya maua. Watu waliokuwa wakipiga kelele dakika chache kabla wananyamaza kabisa, na unasikia mienge tu ikitatarika.

Wasomaji wawili wataniuliza maswali, nami nayajua kabla hawajauliza.

Wa kwanza ni Mkatoliki mwenzangu. Ndiyo, chama cha Cliffe bado hubeba bango la kuupinga Upapa, na sanamu ya Papa Paulo wa Tano, aliyekuwa Papa wakati wa njama ile, hulipuliwa pamoja na ya Guy Fawkes. Wao husema ni historia na hawana ugomvi na Wakatoliki wa leo. Nawaamini. Bango lenyewe silipendi, na kila mwaka likipita naangalia upande mwingine, kisha naendelea kutazama.

Wa pili atauliza kuhusu Wazulu. Kwa miaka mingi baadhi ya wanachama wa chama kimojawapo walikuwa wakivaa kama mashujaa wa Kizulu na kujipaka rangi nyeusi usoni. Mwaka 2017, baada ya Wazulu wenyewe kutoka Afrika Kusini kulisemea jambo hilo, chama kikakubali kuacha kupaka nyuso. Baadhi yetu hulitumia hili kama sababu ya kukaa mbali. Mimi nalitumia kama sababu ya kuwepo. Lililobadilisha jambo lile ni watu weusi waliofika, wakaona, wakasema. Aliyekuwa chumbani kwake akinung'unika kwenye kundi la WhatsApp hakubadilisha chochote.

Sasa tuje kwenye habari za mji, maana hapa ndipo ninapogombana na pande zote mbili, wenyeji na sisi.

Lewes inalijua vizuri somo la taarifa ambazo watu walizipata na hawakuzifuata. Desemba 1836 theluji nyingi ilianguka wakati wa Krismasi, na upepo ukaisukuma ikarundikana kwenye ukingo wa kilima cha Cliffe, juu kabisa ya nyumba za maskini zilizoitwa Boulder Row. Watu waliliona lile rundo limening'inia. Wakazi wakaonywa watoke. Hawakutoka. Ukijiweka mahali pao unaelewa: nje baridi ya kuua, ndani moto wa jikoni, na uende wapi? Asubuhi ya tarehe 27 rundo likaporomoka. Watu 15 walifukiwa, wanane wakafa, saba wakatolewa hai. Mpaka leo hakuna maporomoko ya theluji yaliyoua watu wengi zaidi katika Uingereza. Mahali pale sasa pana baa inayoitwa Snowdrop Inn, na wateja wengi huingia wakidhani imepewa jina la lile ua dogo jeupe la Januari. (Kwa kuwa nimekulia Moshi, watu hapa hudhani theluji naijua tangu utotoni. Theluji ya Kilimanjaro niliiona kama wanavyoiona watalii, kwa mbali, siku ambayo hakuna mawingu.)

Halafu mto. Tarehe 12 Oktoba 2000 mvua zilipozidi, Ouse ulifurika ukaingia mjini, na mamia ya nyumba na biashara zikajaa maji, hasa maeneo ya Cliffe na kando ya mto. Waliokuwepo bado wanaonyesha ukutani maji yalifika wapi. Siku hizi Wakala wa Mazingira hutuma onyo la mafuriko bure kwa simu kwa yeyote aliyejiandikisha. Kuandikisha namba ni kazi ya muda mfupi kuliko kutafuta rimoti ya televisheni. Hata hivyo kila nikiuliza wenzetu waliopanga vyumba vya chini karibu na mto, kwa sababu ndivyo vyenye kodi nafuu, wengi hawajawahi kusikia kwamba huduma hiyo ipo.

Wangesikia wapi? Habari za mji mdogo wa Kiingereza ziko kwenye karatasi. Ziko ubaoni maktaba ya Friars Walk, mlangoni mwa kumbi za makanisa, dirishani mwa duka la mitumba la hisani, kwenye chumba cha kusubiria daktari. Au ziko kwenye kurasa za Facebook za mtaa, ambazo sisi hatuingii kwa sababu tuna kundi letu. Kundi letu ni zuri kwa msiba, kwa michango na kwa kumtafutia mtu chumba. Lakini halijui kwamba lori la taka halitapita siku yake ya kawaida wiki ya Krismasi, na hapo unakaa na mifuko ya taka mlangoni mpaka Mwaka Mpya huku jirani anakuangalia kwa jicho la pembeni. Halijui kwamba sanduku la njano kwenye kona ya mtaa wenye mteremko lina chumvi na mchanga, na limewekwa hapo mkazi amwage barabarani na kwenye njia ya miguu pakiganda. Lewes ni vilima na vichochoro. Keere Street imetandazwa mawe na mteremko wake ni mkali. Januari asubuhi, ukiwa na viatu vya kazini vilivyolika soli, unashuka umeshika ukuta.

Mengine yanahusu mfuko. Tangu majira ya baridi ya 2022, bili za gesi na umeme zilipopanda vibaya, maktaba, makanisa na kumbi nyingi nchini zilianza kufungua milango kama sehemu za kujipasha joto, chai ipo, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi wetu tuna viza yenye sharti la kutopokea misaada ya serikali, na sharti hilo limetutia woga hata wa vitu ambavyo halivigusi. Kukaa maktaba hakugusi viza ya mtu. Kuna malipo mengine ambayo yanagusa: malipo ya baridi kali (Cold Weather Payment), pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa joto ni sifuri au chini yake, kati ya Novemba na Machi. Hizo ni za wanaopokea baadhi ya mafao ya serikali, na huingia zenyewe kwenye akaunti. Kama una shangazi mzee mwenye haki zote za ukaazi, mwangalizie kama anapata fao la nyongeza ya pensheni (Pension Credit), maana hilo ndilo linalofungua mlango.

Na vitamini D. Idara ya afya inashauri kila mtu anywe mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima, kwa sababu jua la huku ngozi yetu hailifaidi vya kutosha. Vidonge vinauzwa supamaketi, bei ndogo. Ukiona mifupa inauma na uchovu hauishi mwezi wa Januari, kabla hujasema ni husuda, nenda kwa daktari umwambie.

Burudani ziko pia, na si zote zina moto. Mwanzoni mwa Desemba kuna Alhamisi moja ambayo maduka hukaa wazi mpaka usiku na watu hujaa barabarani. Na kuna mpira. Klabu ya Lewes inamilikiwa na mashabiki tangu 2010, uwanja wake unaitwa Dripping Pan, na mwaka 2017 ilitangaza kuwalipa wachezaji wa kike sawa na wa kiume, jambo ambalo klabu tajiri za nchi hii hazijalifanya. Simama pale na kikombe cha chai, mzee wa pembeni yako atakueleza historia ya kila mchezaji bila kuombwa. Anayesema Waingereza hawaongei hajasimama nao kwenye baridi wakitazama timu yao ikifungwa.

Kwa hiyo kwetu sisi nasema: tokeni. Ila kwa mji nina neno pia, na naanza na ile tarehe 5.

Mji umeamua usiku ule ni wa wenyeji, na sina tatizo na hilo. Mitaa ni myembamba, umati ulishawahi kuwa wa kutisha, na polisi kila mwaka huwaomba wa nje wasije. Barabara zinafungwa kuanzia jioni, maduka yanapigiliwa mbao madirishani, na miaka ya karibuni treni zimekuwa hazisimami Lewes jioni ile. Lakini nani anafanya kazi usiku katika nyumba za wazee? Wengi wanaovalisha, kunywesha dawa na kugeuza kitandani wazee wa East Sussex ni wahamiaji, na wengi wanalala Brighton au Eastbourne ambako vyumba vinapatikana. Tangazo la treni liko stesheni na mtandaoni, limeandikwa kwa mtu anayetaka kuja kutazama fataki. Halimsemeshi mtu wa shifti ya usiku anayetakiwa kuingia saa mbili, wala aliyemaliza mchana na hana namna ya kutoka.

Kwa hiyo wenye nyumba za wazee wapewe ratiba ya kufungwa barabara mapema Oktoba, waipachike jikoni na kwenye chumba cha kupumzikia, na shifti za siku hiyo zipangwe upya kabla ya mtu kukwama: wa usiku waingie mchana, wa mchana watafutiwe pa kulala au gari la kuwatoa kabla ya kufungwa. Gharama iwe ya mwajiri, isiwe ya anayelipwa kwa saa. Na mwaka ukifika ambapo tarehe 5 ni Jumapili, watu waambiwe wazi kwamba shughuli inafanyika Jumamosi tarehe 4, maana hilo kila mzaliwa wa Lewes analijua na hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni.