Mshenga Mgumu

Mama watoto alinipa sharti moja tu siku ile tunavuka kwenda Sengerema kumposea mtoto wa mjomba: nisiguse chakula ambacho bado hakijapata kibali.

Tumbo langu lilikuwa limenisumbua muda mrefu. Likijaa gesi, suruali haifungi. Hospitali walipima wakasema kidonda hakuna. Ndipo yeye na akina mama wenzake wa maombi hapa Igoma wakaniondolea maziwa, ngano, mayai, maharage na karanga. Nikabaki na sato wa kuchemsha, viazi vitamu, mlenda na uji wa mtama. Kila nikilalamika nasomewa Danieli sura ya kwanza, vile vijana vinne vilivyokaa siku kumi bila chakula cha mfalme, vikatoka vimenawiri kuliko waliokila. Namheshimu Danieli, ila yeye hakupanga nyumba ukuta mmoja na mama muuza chapati.

Tumbo likatulia, lazima niseme ukweli. Ikafika zamu ya kurudisha vyakula, na hapo utaratibu ni mkali: kimoja kimoja, unaombea, unaanza na kijiko, halafu unasubiri siku mbili tatu uone mwili unasemaje. Ukichanganya viwili, tumbo likichachamaa hutamjua mshitakiwa. Kiini cha yai kilipita. Mtindi ukapita, maana wale bakteria wanaougandisha huwa wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Maziwa freshi yalikuwa bado kwenye foleni, nyuma yake maharage, na ngano mwisho kabisa.

Tukapanda pantoni ya Kamanga asubuhi, mimi nikiwa mshenga, na shangazi wa bwana harusi pembeni yangu. Tulipofika tukaamkiana "Mwadila, mwadila" na nyumba nzima, tukaketi chini ya mwembe. Maji ya kunawa yakaletwa. Nyuma yake zikaja chapati, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na sufuria ya maziwa yanayotoa mvuke, juu yamefanya utando wa njano. Mzee mwenye nyumba akanimiminia bilauri kwa mkono wake, akabaki amesimama ananitazama.

Jamani, mshenga akikataa chakula cha ukweni, posa imeishia pale. Nikafumba macho. Nikakumbuka Paulo alivyomwambia Timotheo kwamba alichoumba Mungu ni chema kikipokelewa kwa shukrani. Nikapokea kwa shukrani. Shangazi, anayeyajua masharti yangu yote, akanikanyaga mguu. Nikaongeza maharage.

Vyombo vikatolewa, kikao kikaanza. Mzee mmoja wa upande wao, kavaa pama, akapanga vijiti chini, kila kijiti ng'ombe mmoja. Vikafika 20.

"Mshenga, unasemaje?"

Nilifungua mdomo nishukuru. Tumbo likawahi. Lilianzia chini kushoto, likapanda kwa mvumo mrefu, likaishia karibu na kifua kwa sauti ya kuuliza. Wazee wakatazamana. Mzee wa pama akaondoa vijiti viwili.

"Basi tuseme 18."

Kwa wasiojua: sukari ya maziwa isipovunjwa kwenye utumbo mwembamba hushuka nzima nzima hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko wakiipata wanatengeneza gesi. Maharage nayo yana sukari zake za tabia hiyohiyo. Ndiyo maana mama watoto huyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake. Yale ya Sengerema sidhani kama yaliwahi kuloweka hata kidole. Kwa hiyo ndani yangu kulikuwa na harusi mbili kwenye ukumbi mmoja, na zote zimekodi matarumbeta.

Nikabana. Jasho likaniteremka shingoni. Nilipokunja uso, mzee akatoa kijiti kingine huku ananung'unika kwamba watu wa mjini wana roho ngumu. Hapo ikabidi nisimame. Sikuaga, mwenye hali ile haagi. Nikakata katikati ya kikao kwa hatua fupifupi hadi nyuma ya zizi, kwenye choo. Mlango umefungwa kwa ndani. Kuna mtoto humo anaimba pambio, na kiitikio anakirudia kama analipwa. Nikashika nguzo ya zizi, nikawakodolea macho ng'ombe wao, natikisa kichwa, nasema, "Ee Bwana. Ee Bwana."

Yaliyotokea huku nyuma nimesimuliwa na shangazi. Mama wa binti alishika kichwa. Mzee wa pama akanong'ona, "Mnamwona? Anahesabu ng'ombe wetu. Ataenda kusema tuna zizi limejaa na bado tunataka za kwao." Wakajadiliana harakaharaka kwa Kisukuma, na shangazi, ambaye amezaliwa Magu, akatazama juu kwenye maembe kama hasikii kitu.

Nikarudi mwepesi, natabasamu na kila mtu. Chini kulikuwa na vijiti 14. Nikasema "Amina" kwa sababu zangu binafsi kabisa, na vigelegele vikapigwa.

Kurudi, wenzangu walitaka pantoni. Nikagoma, ziwani hakuna kichaka. Tukapita daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, na kati ya Kigongo na Usagara nikamsimamisha dereva hadi akaacha kuuliza kuna nini.

Kesho yake akapiga simu jirani mwenye kijana anayeoa Misungwi. Anataka mshenga mgumu, na shangazi ameshamweleza kila kitu. Swali lake lilikuwa moja: awaambie wakwe wapike maharage au kunde?

Mama watoto akadakia kutoka jikoni kwamba kunde bado hazijaombewa.