Nani Hulipia Kosa? Mwanamume na Mwanamke katika Filamu za Mapenzi za Bongo

Lawama dhidi ya filamu za mapenzi za Tanzania, zile ziitwazo Bongo Movie, zimezoeleka: mwanamke huchorwa ama kama mchuna buzi anayefuata gari na fedha, ama kama mke mvumilivu anayelia sebuleni mpaka sehemu ya pili ya filamu, huku mwanamume akiwa pedeshee, yaani mtapanya fedha, ambaye hata kazi yake haijulikani. Watetezi hujibu kwamba msanii ni kioo cha jamii, na kwamba watu wa namna hiyo wamejaa mitaani.

Utetezi huo una uzito. Wanawake wanaotazama nyumbani wamekuwa sehemu kubwa ya wateja wa filamu hizi tangu enzi za kanda na DVD, na ni vigumu kuamini kwamba wangenunua kwa miaka yote hiyo sura wasizozitambua. Tena mwanamke ndiye anayebeba hadithi: mke, wifi, mama mkwe na hausigeli ndio wanaopanga, wanaogombana na kuamua, ilhali mume hurudi jioni kuulizia chakula. Uchumi nao una sehemu yake, kwa sababu filamu inayopigwa kwa siku chache ndani ya nyumba moja haina nafasi ya kumjenga mhusika polepole; wigi, simu ya bei kubwa na funguo za gari humtambulisha kabla hajafungua mdomo.

Kwa maoni yangu, mjadala wenyewe umeelekezwa pasipostahili. Mwanamke mwovu si kosa la kisanaa, na wahusika wabaya mara nyingi ndio wanaotuburudisha zaidi. Kinachostahili kuchunguzwa ni namna hadithi inavyomalizwa. Mke aliyesaliti ndoa huishia kwenye maradhi, wazimu au safari ya kurudi kijijini na begi lake. Mume aliyefanya kosa lilelile hupiga magoti, wazee huitwa, na mkewe husifiwa kwa kumpokea. Hukumu hiyo hutolewa na mwandishi, wala haitoki kwenye kioo chochote. Ni kweli kwamba watazamaji hudai funzo, lakini funzo la uaminifu lingeweza kumwangukia yeyote kati ya hao wawili.

Mwanamume naye hupunjwa, tena si kidogo. Anapofilisika, kufilisika kwake hutumika kumpima mkewe kama atabaki au ataondoka, na hofu na aibu yake mwenyewe hazipewi hata onyesho moja.

Njia nyingine ipo: filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inamfuata Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mume mzee na kumkimbia, na inajali sababu zake kuliko kosa lake. Pengine si haki kuilinganisha filamu yenye riwaya kama hiyo nyuma yake na kazi ya siku chache. Mfano wa karibu zaidi ni tamthilia za televisheni kama Jua Kali ya Leah Mwendamseke, maarufu Lamata. Humo pia fedha na usaliti havikosekani, ila mhusika anayehitajika tena wiki ijayo hawezi kuadhibiwa upesi, hivyo mwandishi hulazimika kumtafutia sababu za matendo yake. Faida hiyo, hadi sasa, imewafikia zaidi wahusika wa kike kuliko waume zao.