Gari la Kulala Pemba: Jiko Liwe Jepesi, Saa ya Kula Aipange Mwezi

Wanaoanza kutembea na gari la kulala hapa Pemba wengi hukosea pahala pamoja: hubeba jiko zima. Noah au Hiace imeshatolewa viti vya nyuma, imewekwa kitanda cha mbao, na chini ya kitanda yamesukumiwa masufuria matano, mtungi mkubwa wa gesi, friji ya kuchomeka kwenye betri na kuku wa kugandishwa wa siku tatu. Wakifika Kigomasha, rasi ya kaskazini ya kisiwa, nusu ya siku imekwisha kwa kupakua na kuosha vyombo, maji yameshajaa, na mwamba waliokwenda kuutembelea umezama. Ninavyoona mimi, kikavu utoke nacho nyumbani, kibichi ukikute njiani, na saa ya kula aipange mwezi.

Mwezi nausema kwa maana yake hasa. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kupangia safari ya siku moja. Bamvua, yaani maji kupwa na kujaa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye, kwenye tarehe 2 na 3 za mwezi wa Kiislamu, kisha tarehe 16 na 17. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na hujaa kwenye saa 10 alasiri, na tofauti baina ya kupwa na kujaa huweza kukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukifika tarehe 8 au 23, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi saa 4 maji yamejaa, alasiri yamepwa, na hayaendi mbali.

Haya ndiyo yanayoamua chakula. Siku ya bamvua asubuhi ni ya kutembea mwambani, kuangalia wanawake wanaochokoa pweza na kununua kwao wanaporudi. Chai inywewe mapema, saa 12 na nusu, na boflo au chapati za jana. Chakula kikubwa kiwe saa 7, maji yanapopanda, halafu watu wakaoge alasiri bahari ikiwa imejaa hadi mchangani. Siku ya maji mafu fanya kinyume: ogeni asubuhi, kuleni mapema, na alasiri iwe ya msituni au magofuni. Anayepanga kula saa 6 kila siku, mwezi uwe wowote, atakuta mara nyingi anakula wakati ambao bahari ilikuwa na kitu cha kumpa.

Upepo nao una kauli yake. Ncha ya kaskazini ya Pemba ina bahati ya kuwa na pwani mbili zilizopeana mgongo: Vumawimbi upande wa mashariki, Panga ya Watoro upande wa magharibi. Wakati wa kusi, Vumawimbi hupigwa na upepo, mchanga unaingia sufuriani na moto wa gesi unalala. Hamia magharibi, utapika kwa raha. Njia ya kwenda huko inapita ndani ya msitu wa Ngezi, na baada ya mvua za masika ina matope na mashimo ambayo gari la chini halipendi. Langoni simama, lipa, chukua mtembezi. Mpapindi ni mti wa Pemba hii hii, na bila mwenyeji utaupita ukidhani ni mpopoo. Popo wa Pemba pia hawapatikani kwengine kokote duniani.

Sasa sanduku la vikavu. Kwa watu wanne kwa siku tatu: mchele kilo 2, unga wa ngano kilo 1, choroko nusu kilo, mafuta lita 1, chumvi, sukari, majani ya chai, tangawizi, iliki, bizari ya mchuzi, pilipili manga, vitunguu maji 8, thomu (vitunguu saumu) vichwa 2, ndimu 10, tende pakiti moja, na nazi nzima 4. Tia kila kitu kwenye makopo yenye mfuniko wa kukaza, kwani garini sisimizi hufika usiku wa kwanza na hewa ya pwani hulowesha chumvi ikawa jiwe. Punje chache za mchele ndani ya kopo la chumvi huufyonza ule unyevu. Usisahau mbuzi ya kukunia nazi, ile ndogo inayokunjwa.

Nazi nzima na mbuzi ndiyo nukta ninayoishikilia kuliko zote. Watu hutoka nyumbani na wali wa nazi kwenye hotipoti, na saa 7 mchana unafunguliwa una harufu. Sababu iko wazi: tui huchacha upesi, na hotipoti iliyofunguliwa mara mbili tatu haibaki na moto wa kuzuia vijidudu. Inabaki na uvuguvugu, nao ndio vijidudu wanaoupenda. Viungo vya pilau haviokoi kitu hapo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Wali uliopikwa alfajiri uliwe ndani ya saa nne au usibebwe kabisa. Chapati, mihogo ya kuchemsha na viazi havina tabu hiyo. Nazi ambayo haijavunjwa hukaa wiki nzima garini bila kudhurika, ukaivunja pale pale unapopika.

Mchuzi wa samaki kwa sufuria moja hauchukui zaidi ya dakika 40. Zikune nazi 2 kwa mbuzi, kamua tui la kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, uliweke kando, kisha kamua la pili kwa vikombe viwili. Kwenye tui la pili tia vitunguu 2 vilivyokatwa, tungule (nyanya) 3, punje 4 za thomu zilizopondwa, kijiko kimoja cha chai cha bizari, chumvi, na embe mbichi au ndimu. Chemsha mpaka tungule zilainike. Tia kilo moja ya changu waliokatwa vipande, dakika 10 tu. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, ukikoroga kwa upawa taratibu bila kuacha. Ukilimimina mapema au ukaliacha litokote kwa nguvu, hukatika: mafuta yanaelea juu na chini yanabaki maji. Gesi ya garini hudanganya hapa, kwa sababu jiko dogo juu ya mtungi hutoa moto mkali katikati pekee.

Mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu ndio unaofaa. Kwa moto wa kati unatoa saa 30 hivi, zaidi ya safari ya wiki. Usimame wima karibu na mlango wa nyuma, ufungwe kamba, na koki izimwe kila gari linapoondoka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutua sakafuni, pale pale chini ya kitanda mnacholalia. Kila asubuhi pakaa povu la sabuni kwenye koki, ukiona mapovu yanavimba usiwashe. Kupika ndani ya gari milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvua, hapana. Seredani ya makaa hata ikiwa imebaki jivu jekundu tu isiingizwe ndani kupasha joto au kufukuza mbu. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na aliyelala haamki. Kwa mbu, funga vyandarua kwenye madirisha na uyaache wazi.

Kibichi kinunuliwe njiani, na Tumbe ndipo pa kusimama kwa wanaokwenda kaskazini. Mnadani samaki huuzwa kwa mafungu na mitungo, na mtungo mmoja mara nyingi ni wa kutosha familia. Angalia macho, yawe angavu yaliyotuna, na mashavu yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi ni nzima. Kuwa mwangalifu zaidi na vibua na jodari: wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi, na mlaji huwashwa mwili, uso unakuwa mwekundu na kichwa kinagonga. Hao wapakwe barafu tangu mnadani au waachwe. Bunju asiguswe.

Na kasa. Hili nalisema bila kulainisha. Machi 2024, kwenye Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa. Novemba 2021 Pemba hii hii ilizika watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haiishi kwa moto wala kwa ndimu, nyama haibadiliki rangi wala ladha, na kasa mwenyewe huwa haonyeshi dalili yoyote. Mgeni akikaribishwa sahani, aulize ni nyama gani. Ikiwa ni kasa, akatae kwa adabu, na mtoto wake asionje hata mchuzi.

Pweza akipatikana mwambani, muuzaji mara nyingi ameshampiga. Kama hajapigwa, mpige juu ya jiwe mpaka mikono ilegee. Muoshe, mtie sufuriani bila maji, funika, moto mdogo dakika 45 hadi saa nzima. Atatoa maji yake mwenyewe na kuiva ndani yake. Ukimuongezea maji mengi tangu mwanzo ladha inakwenda na maji, na kumtoa mapema ndiko kunakomfanya awe kama mpira. Vijiji kadhaa hufunga miamba yao ya pweza kwa miezi kisha hufungua, basi ukiambiwa mwamba umefungwa usitafute mtu wa kukuuzia kwa siri. Subira ya watu wa kijiji ndiyo iliyowakuza pweza hao.

Barafu: jaza chupa za lita 1.5 maji, gandisha nne usiku kabla, zipange ndani ya deli. Deli zuri likikaa kivulini na lisifunguliwe ovyo huhifadhi baridi siku moja hivi, na barafu ikiyeyuka unapata maji ya kunywa. Samaki awe ndani ya chombo chenye mfuniko. Akiogelea kwenye maji yaliyoyeyuka, jioni yake atakuwa amelegea. Friji ya kuchomeka kwenye betri moja ya gari nimeshaitaja hapo juu kwa ubaya wake: ikilala inafanya kazi na injini imezimwa, asubuhi gari haliwaki, na Vumawimbi hakuna fundi. Maji hesabu lita 3 za kunywa kwa mtu kwa siku, na dumu jengine la lita 20 la kuoshea. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi, chai ya maziwa hukatika kwa maji hayo.

Kuegesha, kwanza si chini ya mnazi. Nazi moja ikianguka inavunja kioo cha mbele, au kichwa. Mvinje na mkungu ndivyo vivuli vya pwani. Mchanga mbichi wa maji kupwa huonekana mgumu kama saruji na huwavuta madereva, kumbe magurudumu yakisimama huzama, na bamvua haimsubiri mtu akachimbe. Na kwenye mchanga mkavu wa juu kasa hutaga. Gari libaki ardhi yenye majani. Likikwama kwenye mchanga mkavu, punguza upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi 18, futa mchanga mbele ya magurudumu, tandika makuti, ondoka polepole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Wakati wa karafuu, majamvi yanapoanikwa kando ya barabara, simama mbali nayo, na usikubali kumchukulia mtu gunia: magendo ya karafuu yatakukamata wewe mwenye gari.

Kabla ya kulala nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini. Dakika kumi, salamu, jina lako, mko wangapi, mnakaa siku ngapi. Usiku huo watu wa doria wanajua mlivyo, na asubuhi mtaelekezwa choo na kisima bila kuhangaika. Ramadhani usile wala kupika hadharani mchana. Panga matembezi yaishie kijijini jioni, na tende zako ziwe karibu, kwa sababu magharibi ikiingia hamtaachwa mle peke yenu.

Moto wa makumbi ufukweni ni mzuri kwa shelisheli. Chimba shimo la kina cha dhiraa, washa, makumbi yakiwa makaa litie shelisheli zima, ligeuze kila dakika 10, saa moja hivi, mpaka ganda liwe jeusi kote na harufu itoke. Ukimaliza zima kwa maji, ndoo nzima, ukoroge, umwage tena. Usifukie kwa mchanga. Mchanga huhifadhi moto kwa saa nyingi bila kuonyesha, na mtoto anayekimbia alfajiri ndiye atakayeukanyaga. Kipande cha shelisheli kilichobaki kifunge kwenye jani la mgomba. Asubuhi kikate vipande vyembamba, kaanga kwa mafuta kidogo dakika tatu kila upande, nyunyiza chumvi na pilipili, kisindikize kwa chai ya tangawizi maji yakianza kupwa.